Heko kwa Wapishi wa Mollete

Wapishi wa mikahawa ya Meksiko wanastahili heko kwa mollete, mkate wa maharage na jibini. Huupasua bolillo, mkate mdogo wenye ganda kavu, kwa urefu. Wengine hukwangua sehemu laini ya ndani ili maharage yapate pa kukaa. Maharage hayo yamechemshwa, yakapondwa na kukaangwa mpaka yakawa mazito, maana yakiwa majimaji mkate hulowa na kazi imeharibika. Juu huwekwa jibini, kisha motoni hadi iyeyuke. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani na ndimu huja mwisho, ikiwa baridi. Ipo pia mollete tamu, ya siagi, sukari na mdalasini tu, nayo mimi ningeila kwanza. Mkate wa jana hautupwi. Hapa unafaa sana.