Hadithi Zetu Zinaishia Getini

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nina ugomvi kidogo nanyi, na mimi mwenyewe nimo. Chukua hadithi za wizi tunazosomeana hapa Kirando. Kijana anaiba injini ya boti, anakamatwa, anafungwa miaka mitano, basi. Chini tunaandika MWISHO kwa herufi kubwa, eti fundisho limepatikana. Hivi jamani, miaka mitano haiishi?

Nadhani kosa hili linatokana na kusoma nusunusu. Tunaisifu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, na inastahili. Mashairi yale aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Kitabu kikatoka 1973. Lakini nani kati yetu ameuliza alikwenda wapi alipofunguliwa? Alikuja Dar es Salaam, akapata kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu. Kumbe kuna watu waliompokea! Hao hatuwataji.

Kwa upande huu aliyenifundisha zaidi ni Ngũgĩ wa Thiong'o katika A Grain of Wheat (1967). Gikonyo, fundi seremala, anakaa kizuizini miaka sita akimuwaza mkewe, Mumbi. Anarudi, anamkuta ana mtoto wa Karanja. Anakwenda kuripoti kwa chifu, na chifu ndiye Karanja huyohuyo! Ngũgĩ haharakishi mapatano. Yanangoja hadi kurasa za mwisho, na hata hapo yanaanza na jambo dogo tu: seremala anawaza kuchonga kigoda ampe mkewe.

Mtaniambia hao walifungwa kwa siasa, huyu wetu kaiba. Kweli kabisa. Tena aliyeibiwa injini yupo, jirani, na hasara yake haijalipwa. Ndiyo maana hadithi yetu ni ngumu kuliko ya Gikonyo, na ndiyo maana inafaa kuandikwa.

Hebu mfuateni huyo kijana. Anatoka gerezani Sumbawanga, anapita Namanyere, anateremka hadi ziwani. Kwetu kazi ni boti, na boti inataka kuaminiana. Mnatoka usiku, mko mbali na nchi kavu, nyavu na injini ni mali ya mtu. Tajiri gani atamwambia, "Haya mdogo wangu, panda"? Na asipopanda, atakula nini mwezi huo wa kwanza?

Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa 1994, ili baadhi ya wafungwa wamalizie kifungo nje chini ya uangalizi. Sikukuu za taifa nazo huja na msamaha wa Rais, redio ikatutajia idadi ya waliosamehewa. Sawa, serikali imefungua geti. Nafasi kwenye boti inatoka kwetu sisi.

Basi naomba jambo moja. Mwenye hadithi ya wizi afute lile neno MWISHO, aongeze kurasa tatu: asubuhi mtu anarudi. Amweke mama yake, amweke na mwenye injini, wakutane mwaloni dagaa wakiwa wameanikwa. Asiwalazimishe kukumbatiana. Atuandikie tu nani alisalimia kwanza, na aliyesalimiwa alijibu nini.