Mpelelezi Asiyebisha Hodi: Ufundi wa Duka la Izumoya

Kila anayetunga hadithi ya upelelezi hukwama mahali pamoja: mpelelezi wake ataingiaje ndani ya nyumba ya watu? Askari ana hati ya upekuzi. Muuza duka hana. Katuni ya Kijapani *Tsukumogami Kashimasu*, yenye sehemu 12, iliyoongozwa na Masahiko Murata na kurushwa na NHK mwaka 2018 kutokana na riwaya ya Megumi Hatakenaka, imeupita mkwamo huo kwa ufundi unaostahili kufunguliwa na kutazamwa ndani.

Tupo Fukagawa, mtaa wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Moto na mafuriko havikuwa habari ngeni huko. Moto wa Meireki wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mkazi anayejua kwamba wakati wowote anaweza kukimbia na nguo za mwilini tu hajazi nyumba vyombo. Anakodi: chungu, godoro, hata mavazi. Okou na mdogo wake Seiji wanaendesha duka la kukodisha, Izumoya. Baadhi ya bidhaa zao zimetimiza miaka 100, umri ambao, kwa imani ya Wajapani, kitu hupata roho.

Mtunzi mvivu angeishia hapo, roho zikajua kila kitu na fumbo likafa dakika ya tano. Hapa kazi inafanywa na biashara yenyewe. Mteja anakuja kwa miguu yake, analipa, anakibeba kitu mpaka chumbani kwake. Kinakaa huko, kinasikia ya huko, siku zikiisha kinarudishwa rafuni, na usiku vyombo vinaanza kupeana habari. Hakuna aliyevunja mlango wala kudanganya. Historia ya Edo, ambayo katuni nyingine ingeifanya pambo la nyuma, hapa ndiyo inayompa mpelelezi ruhusa ya kuingia.

Ufundi wa pili ni mgawanyo wa ushahidi. Usagi ni kitana, na kitana hukaa karibu na sikio la bibie. Tsukuyomi ni mchoro wa kutundikwa, mahali pake ni ukuta wa sebule wanakopokewa wageni. Notetsu ni popo mdogo wa kuchongwa, wa kuning'iniza mkandani. Yeye hutoka na bwana. Ukimsikiliza mmoja unapata kipande. Ndiyo maana mazungumzo ya usiku si porojo za kuchekesha watoto tu: ndipo vipande vinapounganishwa, na mtazamaji anaunganisha pamoja nao.

Halafu kuna chetezo kiitwacho Suou. Mafumbo madogo yanakuja na kuondoka, lakini chetezo hicho kilichopotea, pamoja na Satarou, kijana aliyetoweka kutoka maisha ya Okou, vinavuta hadithi nzima. Uteuzi huo una akili. Katika duka ambalo kila kitu hutoka na kurudi, swali zito kuliko yote limefungwa kwenye kitu ambacho hakijarudi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kanuni iliyo kinyume. Kigango cha Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ubao uliochongwa kwa ajili ya roho ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, kikishasimikwa hakiondolewi. Familia ikihama, chenyewe hubaki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye viliibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika nchini Marekani, Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa kwenye mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Kilirudi kwa familia mwaka 2007. Kigango hakikuhitaji kunena: kwa kuwa mahali pake palijulikana na picha ilikuwepo, kuonekana kwake Illinois kulitosha kuwa ushahidi.

Basi kijana wa Elerai, jijini Arusha, anayetaka kuchora katuni ya namna hii asianze na macho na midomo ya vyombo. Aanze na kanuni ya mwendo: kitu chake kinakwendaje, na kwa ruhusa ya nani? Jibu analo mtaani. Arusha kama kwingine, sufuria kubwa, maturubai na viti vya shughuli hukodishwa. Sufuria ileile inapika pilau ya sendofu Jumamosi na maharage ya msiba Jumatatu. Wiki ijayo iko kwenye kipaimara. Inakaa uani, kwa wapishi, ambako huzungumzwa yasiyofika mezani: nani hajatoa mchango, mjomba gani kasusa, shamba la marehemu kule mlimani limeandikwa jina la nani. Turubai husikia hotuba. Sufuria husikia sababu ya hotuba kufupishwa.

Miaka 100 haitafaa, maana sufuria ya alumini haifiki huko. Abadilishe sharti: ipate roho ikishapikia misiba 100. Kisha, kabla ya kuchora hata picha moja, aandike daftari la mwenye vyombo: nani alikodi, lini, vilirudi vingapi. Siku daftari likionyesha sufuria kumi zimetoka na tisa zimerudi, sehemu ya kwanza amekwisha kuipata.