Jina Lililopinduliwa: Namna S. W. Erdnase Alivyojificha

Kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote katika fani ya hila za karata kilichapishwa Chicago, Marekani, mwaka 1902, kwa gharama ya mwandishi mwenyewe, kikiwa na michoro zaidi ya 100 ya mikono iliyoshika karata na jina la S. W. Erdnase, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuthibitishwa kuwa mwenye nalo. Dai Vernon, gwiji wa mazingaombwe aliyezaliwa Kanada mwaka 1894, alikisoma tangu ujanani na kuwafundisha wengine kukipima neno kwa neno, lakini aliyekiandika, ambaye katika dibaji anakiri waziwazi kwamba anahitaji fedha, hakujitokeza kamwe kuidai sifa hiyo.

Likisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, jina hilo linatoa E. S. Andrews, bila herufi kuzidi wala kupungua, na wepesi huo ndio unaopaswa kumtia mchambuzi shaka. Mwandishi huyu anaeleza kwa kina jinsi ya kubatilisha ukataji wa karata, yaani pale mpinzani anapoligawa fungu sehemu mbili na kuiweka ya chini juu ili mpangilio wa mgawaji uvurugike: mwenye hila huingiza kidole kidogo cha mkono wa kushoto kati ya sehemu hizo mbili kama kabari, akazifunika kwa mkono wa kulia, kisha huzibadilisha tena kwa kufumba na kufumbua, naye anayetazama haoni ila mikono miwili inayolipanga fungu vizuri. Kanuni anayoirudia ni kwamba kitendo cha siri lazima kifanane kabisa na kitendo cha kawaida, kwa maana jicho halichunguzi lile lililozoea kuliona. Mojawapo ya mbinu za jamii hii ameipa herufi za mwanzo za jina lake la bandia, dalili kwamba alilithamini jina hilo na hakulibandika ovyo. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa nidhamu ya namna hiyo alijifunika kwa pazia linaloweza kufunuliwa na mtoto wa shule. Yamkini zaidi jibu la haraka liliwekwa pale ili mtafutaji aridhike nalo na kuacha kutafuta.

Hata hivyo, mwandishi wa hisabati na mazingaombwe Martin Gardner aliufuata mkondo wa Andrews, na mchango wake mkubwa ni kumpata mwaka 1946 Marshall D. Smith, mchoraji wa kitabu hicho, aliyekumbuka kukutana na mwandishi katika chumba cha hoteli chenye baridi mjini Chicago. Smith alimweleza mtu wa miaka kama 40, mpole, msemaji mzuri, mwenye mikono laini, na mfupi, asiyezidi futi 5 na inchi 7. Jina lenyewe hakulikumbuka mpaka Gardner alipomtajia Andrews, naye akalikubali kwa furaha, na hapo ndipo ushahidi ulipoingia dosari, kwa sababu shahidi aliyewekewa jibu mdomoni baada ya miaka zaidi ya 40 hawezi kuhesabiwa kuwa amelitoa mwenyewe. Gardner alimteua Milton Franklin Andrews, mcheza kamari aliyeshukiwa kwa mauaji na aliyejiua San Francisco mwaka 1905 polisi walipokuja kumkamata; lakini Andrews huyo alizaliwa mwaka 1872, hivyo hakuwa amefikisha hata miaka 30 siku ya mkutano ule, na urefu wake ulipita futi 6. Mchoraji, ambaye kazi yake ni kupima maumbo kwa macho, anaweza kusahau jina, ila si rahisi amgeuze mtu mrefu kuwa mfupi.

Mtafiti mwingine, David Alexander, alishika njia nyingine, akazichanganya herufi badala ya kuzipindua, akapata W. E. Sanders: Wilbur Edgerton Sanders, mhandisi wa migodi aliyezaliwa mwaka 1861, ambaye baba yake alikuwa seneta wa Montana. Umri unalingana na kumbukumbu ya Smith, elimu inalingana na lugha sanifu ya kitabu, na heshima ya baba inatoa sababu ya kujificha ambayo mhalifu anayesakwa hahitaji kuitafuta. Pamoja na hayo, herufi tisa, S na E zikijirudia mara mbili kila moja, zinapangika kwa njia 90,720, na ingawa nyingi kati ya hizo hazisomeki, kupata jina la mtu aliyewahi kuishi si uthibitisho kwamba mtu huyo aliandika chochote.

Kwa mizani hii, Milton Franklin Andrews hastahili kubaki katika orodha, na Sanders anastahili kuiongoza, kama mshukiwa tu, hadi ipatikane hundi, risiti au barua inayomweka mtu kwa jina lake halisi mbele ya Smith au mpiga chapa James McKinney katika majira yale ya baridi.