Sifa za Ustadi wa Kuanzisha

Katika kazi za akili zilizozuka zamani zetu hizi, iko moja ambayo naona haijapewa heshima inayostahiki, nayo ni kazi ya kuanzisha kampuni changa ya intaneti. Ni kazi ambayo mwenye kuishika huanza hana duka, hana ghala, hana bidhaa ya kushikika, na juu ya hayo hutakiwa amwendee mtu asiyemjua, awe fundi, mwandishi wa habari au tajiri mwenye mtaji, akamwombe kitu kilicho adimu kuliko fedha, yaani itibari yake. Wengi huidhania kuwa ni bahati ya vijana wenye kompyuta. Mimi naiona ni ustadi kamili, wenye uanagenzi na adabu zake, na mfano nitakaoushika ni wa Airbnb ya Marekani, tovuti ya kuwapangisha wageni vyumba katika nyumba za watu, kwa kuwa waanzilishi wake hawakuzificha dhiki za mwanzo.

Mwezi wa Oktoba 2007, Brian Chesky na Joe Gebbia, wahitimu wa chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, walikuwa wakikaa San Francisco katika nyumba ambayo kodi yake iliwaelemea. Mjini palikuwa na mkutano wa wabunifu, na hoteli zilijaa. Basi wakatandika magodoro ya kujazwa upepo, wakatengeneza tovuti ndogo, wakapokea wageni watatu kwa dola 80 kila usiku, pamoja na kifungua kinywa. Ilikuwa biashara ya siku chache, walakini ilithibitisha jambo ambalo hakuna hesabu ya karatasini ingaliweza kulithibitisha, kwamba mtu aweza kulala kwa amani nyumbani kwa asiyemjua, kisha wakaagana kwa wema.

Wote wawili walikuwa wabunifu wa maumbo, na tovuti haisimami kwa umbo peke yake. Wakamfuata Nathan Blecharczyk, mhandisi wa programu aliyepata kukaa nyumba moja na Gebbia, naye akawa mbia wa tatu. Hapa nataka kukawia, maana katika ustadi huu sioni jambo zito kuliko kumpata mbia. Mbia wa siku za mwanzo hapokei mshahara, hana cheo cha kujivunia, wala hana hakika ya mwezi ujao. Anachopewa ni fungu katika kitu ambacho bado hakijawa. Mtu wa namna hiyo hashawishiki kwa ufasaha wa maneno. Huja kwa sababu amekwisha kumwona mwenzake akifanya kazi usiku bila ya kusimamiwa, akajua tabia yake wakati wa uchache, na ndiyo maana aghalabu wabia wa kweli huwa ni watu waliowahi kula sahani moja kabla ya kuwa na kitu cha kugawana.

Mwezi wa Machi 2008 walijaribu bahati yao kwenye tamasha la South by Southwest, mjini Austin, wakapata wateja wawili tu, na mmoja alikuwa Chesky mwenyewe. Hata ilipofika Agosti, chama cha Democratic kilikusanyika Denver kumteua Barack Obama, na hotuba yake ikahamishiwa kwenye uwanja wa mpira uchukuao watu zaidi ya 70,000, ilhali vyumba vya mji havikutosha. Waanzilishi wetu, walipotaka kuitangaza tovuti yao kwa wageni hao, hawakukimbilia milango ya magazeti makuu. Walianza na waandishi wadogo kabisa, na habari iliyoandikwa na mdogo ikasomwa na mkubwa wake kidogo, ngazi kwa ngazi, hata ikafika kwenye televisheni za taifa. Naipenda busara hii. Mwandishi wa habari hana deni kwa kampuni ya mtu. Ana wajibu kwa wasomaji wake, na wasomaji wa siku zile walitaka kujua umati ule utalala wapi. Aliyemletea jibu la swali hilo alimsaidia kazi yake, na sifa ikafuata.

Mkutano ulipokwisha, wateja wakatoweka. Madeni ya kadi za benki yakarundikana, na kati ya matajiri saba waliotambulishwa kwao mwaka ule, ambao waliombwa dola 150,000 kwa sehemu ya kumi ya kampuni, watano walikataa na wawili hawakujibu. Siwalaumu; nani angaliweka amana yake katika magodoro ya wageni? Ndipo vijana wale wakabuni masanduku ya nafaka za kifungua kinywa, 500 yenye jina la Obama na 500 yenye jina la John McCain mshindani wake, wakayakunja na kuyagandisha kwa gundi kwa mikono yao, kama mshona kofia ahangaikavyo na tundu moja baada ya jingine, wakayauza mengi yake kwa dola 40 kila moja, na kupata kiasi cha dola 30,000. Walipoitwa mbele ya Paul Graham wa Y Combinator, kampuni ya kulea kampuni changa, yeye hakulipenda wazo lao la nyumba. Lakini alipoonyeshwa sanduku lile na kusikia kisa chake, akatambua kuwa watu hawa hawatakufa upesi, akawapokea na kuwapa dola 20,000.

Graham aliwauliza wateja wao wako wapi. Wakamjibu kwamba wengi wako New York. Akawaambia waende huko. Basi wakawa wanasafiri, wakibisha hodi mlango kwa mlango, wakinywa chai na wenye nyumba na kusikiliza malalamiko yao, na kwa kuwa picha za vyumba zilikuwa za giza na za kukimbiza wateja, wakakodi kamera wakazipiga upya wenyewe. Mapato, yaliyokuwa yamekwama kwenye dola 200 kwa wiki, yakapanda mara mbili; na mwezi wa Aprili 2009 kampuni ya mitaji ya Sequoia ikaweka kiasi cha dola 600,000. Baadaye kazi ile ya picha ilikabidhiwa wapiga picha stadi waliolipwa na kampuni, na wenye nyumba hawakutozwa kitu.