Pampu ya Joto na Moto wa Akiba Mjini Lubumbashi

Watengenezaji wa pampu za joto, waandikapo nguvu ya chombo chao juu ya kibandiko, aghalabu huipima kwa hewa ya nje yenye digrii 7. Na alfajiri ya Julai mjini Lubumbashi, mji uliokaa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kipimajoto hushuka hata kuikaribia tarakimu iyo hiyo. Basi mwenyeji anunuaye kiyoyozi chenye kupoza Oktoba na kupasha joto Julai, nacho ni pampu ya joto, hupata, katika usiku mkali kabisa wa mwaka wake, kile ambacho mtu wa Kanada hukipata siku za nafuu tu.

Chombo hiki hakiunguzi kitu. Gesi iliyo baridi kuliko hewa ya nje hupitishwa katika mabomba yaliyofungwa ukutani nje, ikalivuta joto lililomo hewani, kisha kompresa ikaigandamiza hata ikapata moto, ndipo ilipolitua joto lile chumbani. Fikra hiyo aliieleza William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, mwaka 1852. Kwa hali ya hewa yetu kilowati 1 ya umeme huweza kuleta kilowati 3 za joto, ilhali hita ya waya, ile iwakayo nyekundu, hairudishi ila moja kwa moja.

Katika nchi za theluji tanuri la gesi au la mafuta huwekwa pamoja na pampu kwa sababu ya baridi yenyewe: hewa ikishuka sana chini ya sifuri nguvu ya pampu hupungua, mabomba ya nje huganda barafu, na thamostati huliamrisha tanuri lishike zamu. Kuunakili mpango huo hapa ni kupoteza fedha. Kiangazi chetu ni kikavu, barafu ni nadra, na kinachoishinda pampu ni kukatika kwa umeme. Mabwawa yetu, kuanzia Mwadingusha juu ya mto Lufira, lililoanza kazi mwaka 1930, yalijengwa kwanza kwa ajili ya shaba, na hata leo migodi na nyumba hugombea umeme ule ule. Kwa hiyo zamu ya moto wa akiba haina budi kufuata umeme, si kipimajoto. Na fundi mwenye maarifa hutanguliza kidhibiti cha volti, tena huhakikisha kwamba umeme urudipo kompresa inangoja dakika kama 3 kabla ya kuwaka, ili migandamizo ya gesi ilingane, kwani ikilazimishwa papo hapo huweza kuungua. Aidha vumbi jekundu la Julai huziba vichujio upesi. Visipooshwa, tarakimu za kibandiko ni maneno matupu.

Lakini kabla ya hayo yote, mwenye nyumba na atazame juu. Mabati yasiyo na dari huliachia joto liende zake, na pesa ya dari ina faida kuliko pesa ya pampu kubwa zaidi.

Tukija kwenye moto wenyewe, hapa ndipo penye hatari. Jioni mtu huipepea mbabula, yaani jiko la makaa, uani mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu yenye jivu jeupe, kisha akaiingiza chumbani na kufunga madirisha, akiamini kwamba kisicho na moshi hakina madhara. Kumbe makaa yale mekundu ndiyo yatoayo monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Mwenye nyumba ya zamani yenye meko ya ukutani na dohani na aisafishe dohani hiyo, awashe humo, ijapokuwa joto jingi litapanda juu. Mwenye uwezo wa betri na paneli za jua atazitosheleza saa chache kwa pampu ndogo. Asiye na kimojawapo na awashe pampu mapema, umeme ukiwapo, kuta za matofali zipate kushika joto, na umeme ukikatika ajifunike blanketi ya pili. Mbabula na ibaki uani.