Heko, Vijana wa Dandora

Mtaa wa Dandora, Nairobi, ulipojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wapangaji wa mji waliacha nyua katikati ya nyumba ili watoto wapate pa kuchezea na majirani pa kukutana. Mchoro ulikuwa mzuri. Lakini ua wa wote, ukikosa wa kuuangalia, hugeuka jaa. Ndivyo nyua nyingi zilivyokuwa: taka, maji machafu na giza lililowafaa waporaji.

Waliozikomboa ni vijana wa mtaa wenyewe. Walizoa taka, wakapanda miti na maua, wakapaka kuta rangi, wakaweka lango na mtu wa kulilinda. Kisha wakafanya jambo ninalolistahi kuliko rangi zote: wakatafuta pesa za kuutunza ua. Mwenye gari hulipia maegesho, wakaazi huchanga kidogo, na kijana aliyekuwa hana kazi hupata riziki palepale mlangoni. Miradi mingapi ya wafadhili imekufa kwa kukosa hesabu hiyo ndogo!

Kundi la mtaani la Dandora Transformation League liliongeza ari kwa shindano la Changing Faces, ua ukishindana na ua. Baadaye wataalamu, wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, wakiwemo, walikuja kuchora barabara pamoja na vijana hao. Na hilo ni sawa kabisa: anayejua mtoto hukimbilia wapi mvua ikinyesha ni mkaazi.

Hongereni sana. Sasa serikali ya kaunti iwatambue kwa maandishi, mnyakuzi wa ardhi asije akavuna jasho lenu.