"Mahdi": Jina au Cheo?

Walimu wafundishao habari za kale hukutana mara nyingi na neno "Mahdi" katika vitabu vya Kiingereza vinavyosimulia vita vya Sudani. Wengi hulichukua kama lilivyo na kuliandika ubaoni, kana kwamba ndilo jina mtu yule alilopewa na wazazi wake. Twaona yafaa kulichunguza jambo hili, kwa maana jina likitumiwa ovyo, hukumu hupita ndani yake bila kutamkwa.

Mtu huyo aliitwa Muhammad Ahmad bin Abdallah, mzaliwa wa nchi ya Dongola, mwaka wa 1844. Alilelewa katika tarika ya Sammaniya, akakaa katika kisiwa cha Aba, na mwezi wa Juni 1881 akatangaza kuwa yeye ndiye Mahdi aliyengojewa. Aliondoa utawala wa Misri karibu katika Sudani yote. Tarehe 26 Januari 1885 watu wake waliutwaa mji wa Khartoum na Gordon akauawa; naye mwenyewe alifariki mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, nalo lina shina moja na neno letu "hidi". Umbo lake ni la kutendwa: mahdi si mwenye kuongoza, bali ni aliyeongozwa, yaani aliyehidiwa na Mungu. Afasiriye "mwongozi" amegeuza maana. Wasomaji wetu hawatashangaa, kwa kuwa Masihi nalo ni neno la namna hiyo hiyo: si mwenye kupaka mafuta, bali aliyepakwa.

Sasa tuitazame desturi ya Kiingereza. Kineno "the" kikitangulia cheo, huweza kumaanisha mtu anayejulikana kwa wasemao, au yule mmoja wa pekee asiye na mwenziwe. Kwa hiyo maneno "the Mahdi" yaweza kuwa ungamo la mwenye kuamini, au ufupisho wa mwandishi wa gazeti asiyeamini lolote. Katika Kiarabu wapinzani wake walikuwa na neno lao tayari: walimwita "mutamahdi", maana yake mtu ajifanyaye Mahdi. Mwandishi wa Kiingereza hana neno moja la kadiri hiyo. Ama huongeza neno la kumwita mwongo, akahukumu waziwazi. Ama huacha cheo peke yake, akaonekana kukubali asilolikubali.

Kosa la pili ni zito zaidi. Muhammad Ahmad aliwakataza wafuasi wake wasiitwe madarweshi, akawapa jina la Ansari, kwa kufuata wale watu wa Madina waliomsaidia Mtume. Hata hivyo vitabu vya Kiingereza viliendelea kuwaita "Dervishes". Si ajabu, tukikumbuka habari zilipita mikononi mwa nani. Kitabu cha padre Ohrwalder, aliyekuwa mateka tangu 1882 hata 1891, na kile cha Slatin cha mwaka wa 1896, vyote viwili vilitengenezwa kwa Kiingereza na Wingate, mkuu wa upelelezi wa jeshi la Misri. Hatusemi kwamba vitabu hivyo ni vya uongo. Mateso ya wale mateka yalikuwa ya kweli. Twasema tu kwamba majina yaliyomo ni majina yaliyotumika upande mmoja wa vita. Tena katika nchi ya Wasomali mambo yalikuwa kinyume: wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan walijiita wenyewe madarweshi. Hivyo neno lile lile ni haki huku, na dhuluma kule.

Baadaye cheo kikawa jina la ukoo. Sadiq al-Mahdi, kitukuu cha Muhammad Ahmad, alikuwa waziri mkuu wa Sudani mara mbili, katika miaka ya 1966 na 1986, akafariki mwaka wa 2020. Kwake yeye "Mahdi" ni jina tu, wala halidai neno lolote la imani.

Yatupasa nini sisi tuandikao Kiswahili? Lugha yetu haina kineno kama "the", kwa hiyo hatari yetu ni kubwa zaidi. Mwalimu asemapo, "Mahdi alikufa mwaka wa 1885," mtoto wa Kiislamu aliyeketi darasani husikia kwamba yule wanayemngojea nyumbani kwao amekwisha kuja na kufa. Mwalimu hakukusudia hivyo, lakini ameingia katika imani ya watu bila kujua, na baba wa mtoto akiuliza, jibu litakuwa gumu.

Pengine ndugu fulani atasema kwamba adui wa misheni hastahili uangalifu huo. Twajibu kwamba kumwita mtu kwa jina lake si kumsadiki, na kwamba sisi nasi hatupendi watu wetu kuitwa kwa majina waliyobandikwa na wapinzani. Kwa hiyo mwalimu na aanze kwa kuandika "Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi"; baada ya hapo atumie jina lake, na wafuasi wake awaite Ansari. Neno "madarweshi" na alitaje mara moja tu, pamoja na kueleza ni nani waliowaita hivyo.